Mama Mkwe wa Maabara

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, akina mama wa kikundi cha sabuni, wenzangu wa maabara, na wewe Mwalimu wetu unayetuaga leo:

Kwanza naomba radhi. Hotuba hii niliambiwa niiandike tangu mwezi uliopita, nami nimeiandika jana, mtoto mgongoni, anaota meno. Mkiona narukaruka, mjue ni yeye.

Mwalimu, ulipofika hapa, akina mama hawa walikuwa wamesimamisha mauzo. Sabuni yao ya maji ilikuwa ikibabua mikono, na ndani yake mna viambato vingi vya povu, vingine vya mkia mrefu, vingine vya mkia mfupi. Mkosaji ni kipi? Tulivipitisha kwenye kibomba chembamba kama unywele, tukawasha umeme ili vikimbie, kila kimoja kwa mwendo wake. Wapi! Vilishikana kama ndugu wanaopigwa picha, na kwenye skrini, ambako kila kiambato hutakiwa kuchora kilima chake, kikatoka kilima kimoja tu.

Ndipo ukaongeza humo kibombani ile sukari ambayo chembe zake zina umbo la pete, ukaniambia, "Mwanangu, huyu ni mama mkwe. Akiingia sebuleni, waliokumbatiana si wataachana? Wenye mkia mrefu atawashika kwa maswali. Wa mkia mfupi watapenya waende zao."

Na kweli, kilima kikagawanyika, na jina likashika. Siku niliyopiga kelele, "Jamani, mama mkwe ametuishia!" mtunza stoo alikuja amevua kofia. "Poleni sana, dada. Maziko lini?" Mama mkwe wangu wa kweli, wewe uliyekaa pale nyuma na mjukuu wako, nisamehe, naona unacheka, na u mzima kutushinda sote.

Lakini nani atatudanganya kwamba kazi imekwisha? Vilima viwili vya mwisho bado vinaegemeana, na mkosaji yumo humo. Akina mama hawa hawatauza kwa kubahatisha, wala mimi sitatia sahihi kwa kubahatisha, hata nikisukumwa. Ila juzi tulitia tone la spiriti, na katikati ya vile viwili pakaonekana bonde. Dogo, lakini bonde! Nilipiga vigelegele peke yangu.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Nawe Mwalimu, nenda salama kwenye hiyo maabara kubwa, na ukifika utukumbuke: tutumie vibomba vipya, maana kilichobaki kimeanza kuziba, spiriti safi ya maabara, si ya kuwashia jiko, na chupa moja ya mama mkwe. Huyu wangu simtoi. Ndiye anayenishikia mtoto.