Mukwe Anaangalia Kazi ya Doudou

Kijiwe chetu kiko Lubuye, hapa Kalemie, kwa ukuta wa nyumba ya Doudou: banki moja ya mbao ya kukalia, birika ya Mama Virginie ya kahawa na tangawizi, na meza yangu ndogo ya kutengenezea simu. Mie njo Dédé, ndiye fundi mwenyewe. Banki yenyewe iko na wenyewe wawili. Wa kwanza ni Meteo, alifanya kazi ya boti zamani, na mupaka leo anatabiri hali ya ziwa; akisema jua litawaka, wamama wanaanua nguo. Wa pili ni Avoka, wakili wetu. Hakusomea sheria hata siku moja, lakini alishinda kesi ya mbuzi mbele ya shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, na jina likamubakia. Doudou yeye hakai. Anatoka ndani na kandambili, anakunywa kikombe akiwa amesimama, anarudi kwa mashini yake, ordinateri ya kubeba, maana anatumikia kampuni moja ya Lubumbashi bila kutoka nyumbani. Ni kazi gani, hatukuwahi kumuuliza. Siku ile alitoka miguu tupu.

— Mama Virginie, nimiminie haraka. Wameniwekea kitu ndani ya mashini.

— Kitu gani? Meteo akauliza.

— Kinapiga picha ekra yangu, uso wa mashini. Mie niko naandika, chenyewe kinapiga, kinatuma Lubumbashi. Shefu Didier, mukubwa wangu wa kazi, anasema: watu wa mbali kazi yao haionekani, sasa picha zitaionyesha.

Avoka akaweka kikombe chini polepole, kama muntu aliyeitwa tribinali mbele ya jaji.

— Ruhusa ulitoa?

— Nilibonyeza «ndiyo». Usipobonyeza, mashini haifunguki.

— Basi umejifunga. Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya kifungo ni ndiyo.

— Wahenga gani hao? nikauliza.

— Wa kwetu.

Doudou hakucheka. Akatuambia taabu yake yote pale pale. Mukwe wake, Papa Germain, baba ya muke wake Carine, alikuwa anatoka Moba na boti, mara yake ya kwanza kufika Kalemie tangu ndoa. Carine alikuwa kwenye masomo, anafundisha mupaka muchana. Doudou aliomba ruhusa ya kushuka bandarini, na shefu alikuwa hajakubali, sababu kulikuwa na neno huko kwa barabara ya Manono.

— Nikitoka, picha zitaonyesha ekra imelala, akasema. Nisipotoka, muzee atashuka boti na hakuna wa kumubebea mufuko. Munajua kwetu hiyo ni nini.

Tulijua. Mukwe asiyepokelewa anaweza kugeuza na boti ile ile.

— Nitaenda mie, nikasema.

Meteo akainua kidole, akakiweka kwa upepo.

— Kaa chini, Dédé. Kwa upepo huu boti ya Moba haifiki mbele ya jioni. Doudou, enda utumike kwa roho nzuri.

— Uko na hakika, Papa Meteo?

— Ziwa nilizaliwa juu yake.

Doudou alikuwa anataka sana kuamini. Akamaliza kahawa, akaingia. Na mie nikakaa. Ni hapo tulikosea sote.

Tukabakia na ile habari ya picha.

— Kinachonisumbua, Meteo akaanza, ni kwamba picha haiishie kwa ekra. Ekra ni kioo. Kama wewe unaiona, nayo inakuona. Wanajua kama Doudou amenyoa.

— Iache ndevu, Avoka akasema. Angalia haki. Picha ya pasipoti unalipa, picha ya ndoa unalipa. Hawa wanapiga bure. Mie ningemutetea, Lubumbashi nzima ingeuzwa ili imulipe.

— Kutetea ni kazi bure. Apige yeye mwenyewe picha ya ekra imejaa kazi, aibandike pale mbele, halafu aende kuvua. Paka akitoka, panya anapiga picha.

— Na watagundua. Unafikiri ni muntu mumoja anaangalia? Iko nyumba kubwa, ghorofa, imejaa watu wa kuangalia picha za wengine. Na hao nao ni watumishi, wako na mashini. Si watapigwa picha nao?

— Watapigwa! Meteo akaruka. Na picha zao ziangaliwe na wengine, huko Kinshasa.

— Na wa Kinshasa waangaliwe na wa Ulaya.

— Na wa mwisho kabisa?

Avoka alifikiri, macho yamefungwa.

— Wa mwisho anaangaliwa na Doudou. Bila kujua.

— Kunyweni, Mama Virginie akasema. Inapoa.

Hatukumaliza kunywa. Piki-piki ikasimama mbele yetu. Akashuka muzee murefu, koti la baridi ya mulimani, mufuko begani, na kuku hai chini ya kwapa. Akamulipa dereva, akatugeukia. Ziwa nyuma yake lilikuwa limetulia kama sahani. Meteo akaanza kutazama vidole vya miguu yake.

— Jambo zenu.

— Jambo, Papa.

— Mie ni Germain, wa Moba. Kwa Doudou njo hapa?

— Njo hapa, Papa. Karibu, kaa.

— Sikai. Nilisimama bandarini mupaka wabebaji wote wakaenda. Nilimuuliza muntu wa piki-piki, na yeye alimufahamu Doudou: «Yule wa kukaa nyumbani?» Sasa ninyi ni majirani zake. Mukwe wangu anafanya kazi gani?

Tulikuwa tumekunywa kahawa na Doudou miaka mingi. Nilimuangalia Meteo, Meteo akamuangalia Avoka.

— Anafanya ya mashini, Meteo akasema.

— Ya kubonyeza, Avoka akaongeza. Ni kazi... yenye vidole.

Papa Germain alitikisa kichwa, na sikuona hasira, niliona huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

— Huko Moba waliniambia: Germain, mutoto wako analisha bwana. Carine anaamka, anaenda kufundisha, bwana anabakia ndani na kandambili. Nilibisha. Nikasema niende nijionee. Nimefika: muntu hana kazi, na bado hana nafasi ya kunipokea? Carine akirudi, afunge vitu vyake. Kesho boti inarudi.

Mama Virginie akanisukuma na mukono wa birika.

— Dédé, umuite.

Nilimukuta Doudou ameinamia mashini, simu sikioni, jasho linamutoka, anasema: «Pole pole, Samy, pole pole, wacha wavushe ya mwisho.» Nikamuambia: «Mukwe yuko inje.» Sikuwahi kuona sura ya muntu ikiishiwa damu vile.

Akatoka. Akainama, akanyoosha mikono yote miwili. Papa Germain hakuipokea. Mikono ikabakia hapo hewani, na sisi tukabakia tunaitazama.

— Papa, unisamehe. Kulikuwa kamiyo, lori moja limekwama...

— Kamiyo iko wapi? Naona nyumba tu.

Doudou akaonyesha mulango wa nyumba yake. Yeye ni muntu wa maneno machache, na nafikiri aibu ya kufanya kazi nyumbani ilikuwa imemukaa siku nyingi. Hata kwa wakwe hakuwahi kueleza.

Ni Mama Virginie aliyesema.

— Doudou, si wanakupiga picha tangu asubuhi? Hizo picha, wewe pia unaweza kuziona?

— Ninaweza.

— Basi uzilete. Unangoja nini?

Akaleta mashini, akaiweka kwenye banki. Avoka na Meteo wakahama wenyewe. Papa Germain akatoa miwani mufukoni, akamupa Avoka kuku ashike, akainama.

Picha ya kwanza: karata ya inchi, yaani ramani, barabara, na alama ndogo ndogo za rangi.

— Kila alama ni kamiyo yetu, Papa. Mie njo nazifuata. Dereva akikwama ananiita, mwenye mali akiuliza iko wapi, namujibu. Najua barabara hizi, kwa sababu hiyo walinichukua.

Picha nyingine: alama moja imesimama mbele ya muto. Doudou akasema daraja lilivunjika usiku, na kamiyo ya Samy ilikuwa imebeba dawa za kituo cha afya ng'ambo. Picha zikaendelea, ujumbe juu ya ujumbe: Doudou anamutuliza Samy. Doudou anatafuta kamiyo tupu upande ule mwingine. Doudou anamuandikia shefu wa kijiji apate watu wenye mitumbwi ya kuvusha sanduku. Hakuna picha moja iliyolala.

Kisha moja ikatokea, na Doudou akataka kuipita. Papa Germain akamushika mukono.

— Rudisha hiyo.

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma somo kanisani:

— «Shefu, mukwe wangu anafika leo kutoka Moba. Ni muntu ninayemuheshimu sana, na ni mara yake ya kwanza. Naomba unipe nafasi nimupokee, nitarudi mbio.»

Chini yake shefu alikuwa amejibu: «Kwanza dawa zivuke.»

Papa Germain akavua miwani.

— Zimevuka?

— Zimevuka, Papa. Dédé aliponiita, sanduku la mwisho lilikuwa linapanda.

Muzee akakaa. Akaangalia tena ile karata na alama zake.

— Mie nachunga ng'ombe, akasema. Siku nzima niko juu ya jiwe. Muntu asiyejua akipita, anasema: angalia yule, amekaa tu. Lakini niinuke niende zangu, uone zitakavyopotea. Kumbe na wewe unachunga.

Akanyoosha mukono. Doudou akaushika na yote miwili, akageuka upande kidogo ili tusione macho yake. Tuliona. Avoka alisahau kwamba ana kuku, akataka kupiga makofi, na ikabidi tumufukuze yule kuku mupaka kwa jirani.

Tulikuwa tungali tunacheka wakati simu ya Doudou ililia. Ilikuwa Didier. Doudou akaweka sauti kubwa, muzee naye asikie.

— Doudou, kuna nini huko? Picha zako za mwisho zinaonyesha picha. Unaangalia picha zako?

— Ndiyo, shefu. Mukwe wangu amefika. Namuonyesha kazi.

Didier akacheka.

— Wangu mupaka leo anafikiri nauza kadi za simu. Sikia, Samy ameniita, dawa zimefika. Umefanya vizuri. Funga mashini, ukae na muzee mupaka kesho.

Mama Virginie akapiga kigelegele. Papa Germain akaomba simu.

— Shefu Didier, jambo. Ni Germain, wa Moba.

— Jambo, Papa. Karibu Kalemie. Utusamehe kwa mambo ya bandarini.

— Imekwisha hiyo. Niko na swali moja, unisaidie tu kufahamu. Kamiyo hizi zote na mali ya watu ndani, umemuachia Doudou?

— Ndiyo, Papa.

— Na dawa za wagonjwa leo, ulimuachia yeye?

— Yeye mwenyewe.

— Umemuaminia hayo yote. Sasa kukaa tu kwenye kiti chake, hiyo njo haumuaminie?

Simu ikanyamaza.

— Rezo ya simu imekatika, Meteo akanong'ona.

Nikainamia simu, maana simu njo kazi yangu. Haikukatika. Sekunde zilikuwa zinahesabu, na ukisikiliza vizuri ulimusikia Didier anapumua huko Lubumbashi. Papa Germain akapokea kikombe kutoka kwa Mama Virginie, akasogeza simu karibu zaidi na sikio, akaendelea kungoja jibu, bila haraka yoyote.