Fundi wa Darubini Aliyepiga Risasi Moja

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2007, Bwana Soud Abdulsamad anatundika aproni yake baada ya miaka kumi na saba ya kazi katika karakana ya bunduki ya Bwana Avtar, hapa Tottenham. Mimi Mardhiya, ninayekaa kaunta na kushughulikia vibali vya silaha, nimetakiwa niandike wasifu huu kwa utulivu. Utulivu nautoa wapi? Mwenyewe yuko nyuma ya ukuta huu, nasikia tupa yake ikikwaruza chuma, na keshachungulia mara chungu nzima kuuliza kama nimemaliza na kama nimemtaja kwa wema.

Bwana Soud alizaliwa Malindi, Unguja, akasomea ufundi wa vyuma, akaondoka kwao kijana baada ya mambo ya 1964. London ilimpokea kwa mashine ya kukereza, katika kiwanda ambacho siku hizi ni duka la mazulia. Kiwanda kilipofungwa, mwaka 1990, alikuja kuomba kazi hapa. Bwana Avtar, mzaliwa wa Kisumu, anasema alimwajiri kwa sababu bawaba ya mlango wetu ilikuwa inalia, na mgeni huyu aliinyamazisha kabla hajasema anataka nini.

Tangu siku hiyo hajakaa. Chai anainywa wima. Akisali adhuhuri anarudi mbio kana kwamba kuna mtu ataondoka na jiriwa yake ya kubania vyuma. Jioni tukishafunga, anarudi kutikisa kufuli, anafika kituo cha basi, anarudi tena kulitikisa. Nimemwambia mara ngapi, Ami, limefungwa. Ananiitikia vizuri, kisha analitikisa.

Kazi yake iliyompa jina ni kufunga darubini kwenye bunduki kuukuu za jeshi. Sheria ilipopiga marufuku bastola mwaka 1997, nusu ya kazi yetu ilikwenda na maji, na kilichotuokoa ni bunduki hizo za vita vya zamani ambazo majeshi yaliziuza, zikanunuliwa na watu wa vilabu vya shabaha. Wenye bunduki wamezeeka, macho hayaoni tena kile kichuma kidogo cha mbele, wanataka darubini. Lakini bunduki hizo hazikutengenezwa kubeba darubini. Ni kumvisha miwani askari mzee asiyekuwa na masikio ya kuishikilia. Kikalio, kile chuma kinachoishikilia darubini, kikiwa kombo unywele mmoja hapa, kule mbali risasi inatua kwa jirani.

Wala tusimfanye malaika. Mwaka wake wa kwanza wa kazi hiyo alifunga darubini moja kwenye bunduki ya Kijerumani, ikakaa sawasawa, inameta, akatuita wote tuje kuitazama. Bwana Avtar akataka kuifungua bolti, kile chuma kinachovutwa nyuma ili risasi iingie. Mkono wa bolti ukapanda, ukagonga darubini, ukagoma. Tulikuwa na bunduki nzuri kuliko zote London, ila hakuna mwanadamu angeweza kuitia risasi. Bwana Soud aliifungua yote upya bila kusema neno, na sisi tukamsemea kwa wiki nzima.

Kuna pia habari ya bomba la moshi. Namna yake ya kulinganisha darubini ilikuwa kutoa bolti, kuibana bunduki kwenye jiriwa, kuchungulia ndani ya mtutu mpaka aone alama ya mbali, kisha kuielekeza darubini kwenye alama ile ile. Alama aliyoichagua ilikuwa bomba la moshi juu ya saluni ya Bi Angélique, ng'ambo ya barabara. Bi Angélique, mtu wa Lubumbashi, alipoinua macho akaona mtutu dirishani umemwelekea, hakungoja tafsiri. Polisi walijaza mtaa. Siku ile ile tulichora msalaba mweupe kwenye ukuta wa uani kwetu, na Bwana Soud akaenda kuomba radhi na kopo la halua. Tangu hapo wawili hao ni ndugu, na chakula cha Ijumaa kitatoka kwa Bi Angélique.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Bwana Soud hakuwahi kupiga bunduki. Miaka yote hiyo alizifunga, akazilinganisha ukutani, na Bwana Avtar ndiye aliyezipeleka uwanjani kuzijaribu. Akiulizwa, alikuwa anasema kazi ya mshona viatu si kutembea. Sisi watu wa visiwani hatukumchimba. Usiku ule wa mapinduzi, Januari 1964, alikuwa nyumbani kwao na mamaake, mlango umekomewa, na aliusikia mlio wa bunduki mtaani mpaka kukacha. Yaliyobaki ni yake.

Mwaka huu akaja Bwana Harjit, Singasinga wa Nakuru, fundi magari mstaafu. Anayo bunduki ya Kiingereza ya aina ile ile aliyokuwa akiitengeneza babaake, fundi wa silaha katika kambi ya jeshi Gilgil. Kibali chake kilikuwa kinakwisha mwishoni mwa Juni. Na hapa Uingereza huruhusiwi kuweka bunduki ya ukumbusho tu: lazima uonyeshe unaipiga, na unaipiga kwa usalama. Bwana Harjit haoni tena. Klabu ilikwisha kumwambia kwamba risasi zikiendelea kutawanyika hivyo, hawatamtilia saini. Bila saini bunduki inachukuliwa. Alisimama kaunta kwangu akaniambia, kwa Kiswahili chake cha bara, kwamba akiitoa hiyo mkononi ni kama anamzika mzee mara ya pili.

Bwana Avtar alitaka kutoboa chuma na kutia skrubu, kazi ikaisha. Bwana Harjit alikataa, na Bwana Soud akamuunga mkono, kwa hoja kwamba tundu halioti nyama. Akatafuta kikalio kinachobana mahali pa kilengeo cha nyuma bila kutoboa. Akakifunga. Ukutani, sawa kabisa. Jumapili, uwanjani, risasi huku na huku. Akakikaza. Ukutani, sawa. Jumapili, ovyo. Akakata vipande vya kopo la soda akavitia chini ya kikalio, akapaka rangi ya buluu aone chuma kinagusana wapi, akakisugua, akakifunga, akakifungua. Wiki zikawa zinakatika. Alikonda. Alianza kunijibu mkato, mimi nikaanza kumjibu mkato, na Bwana Avtar akawa anapita baina yetu kama mtu anayevuka barabara kuu. Siku ziliyoyoma, na Bwana Harjit alikuwa anapiga simu kila asubuhi akijidai anauliza hali zetu.

Jumapili ya tarehe 17 klabu ilikuwa na siku ya wageni, ambapo hata asiye na kibali huruhusiwa kupiga. Bwana Soud, bila kumwambia mtu, alipanda gari na Bwana Harjit mpaka Surrey. Bwana Harjit ndiye aliyenisimulia. Anasema Bwana Soud alilala kwenye mkeka, akaambiwa aweke shavu kwenye kitako cha bunduki, akaweka, akakaa muda mrefu mno. Msimamizi akamwambia kwa upole hakuna ulazima. Akavuta.

Bunduki ikampiga teke, darubini ikamchana juu ya nyusi, damu. Kosa hilo hufanywa na mgeni tu: jicho karibu mno. Na fundi mfungaji wa darubini wa miaka yote hii akalifanya mbele ya klabu nzima. Lakini akiwa bado amelala pale, leso machoni, alikuwa keshajua. Kikalio hakikuwa na kosa. Darubini iko juu, kitako kiko chini, na shavu linaning'inia hewani bila mahali pa kulala. Kila risasi Bwana Harjit alikuwa anainua kichwa, na kila mara kwa kiasi chake. Jiriwa haina shavu, haiwezi kukwambia hilo. Ingechukua miaka mingine kumi na saba kulijua akiwa karakanani.

Alishona mto wa ngozi uliojazwa sufi, akaufunga juu ya kitako kwa kamba, bila tundu hata moja. Jumapili ya tarehe 24 risasi za Bwana Harjit zilikaa pamoja, unazifunika kwa kisahani cha kikombe. Klabu ikatia saini. Jumatano afisa wa polisi akaja nyumbani kwake, akaitazama bunduki, akaitazama kabati, akamwongezea kibali cha miaka mitano. Bwana Harjit alikuja hapa dukani akilia wazi mbele ya wateja, na sioni aibu kuandika kwamba mimi pia nililia, na sijawahi kuipenda bunduki hata siku moja.

Tunamshukuru Bwana Soud kwa kila alichokaza na kila alichokataa kutoboa. Nitaikumbuka tupa yake ikinikera. Nina wasiwasi na kimya cha Jumatatu ijayo, naona niseme.

Ila liko jambo la Jumatatu iliyofuata ile risasi. Bwana Soud, asiyewahi kuchelewa, saa nne ilipita hajaonekana. Nilipata hofu, nikapiga simu nyumbani. Mkewe Bi Zahra alipokea kwa sauti ya chini na yeye ana hofu vile vile. Alikuwa ananiuliza mimi kama mumewe ni mgonjwa. Alisema mumewe aliporudi kutoka Surrey alisali isha, akapanda kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe hakuamka usiku kwenda kutazama mlango. Na mpaka saa hiyo alikuwa bado amelala, anakoroma. Amwamshe?

Nilimwambia amwache. Nawe Ami Soud, tunakuombea maisha mema, ulale mpaka utosheke. Sisi tutafunga mlango.