Swichi ya Upande wa Shemeji

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya boti, pembeni mwa geti. Lina miguu mitatu na tofali moja, na upande wa tofali hukaa Breki, dereva wa trekta la kuvutia boti kutoka majini, kwa kuwa ndiye mzito kuliko wote. Tunamwita Breki kwa sababu akianza kusema hana. Katikati hukaa Kamusi, aliyekuwa mtunza stoo wa karakana hii hadi alipostaafu. Kazi aliiacha, benchi hakuliacha, na hakuna neno asilojua maana yake, hata kama maana hiyo ameitunga palepale. Mimi nashona viatu hatua chache kutoka kwao, kwa hiyo nasikia yote bila kuulizwa kitu. Siku hiyo alikuwepo pia Nahodha, mwenye ile boti ya bluu iliyoegemezwa kwenye magogo uani. Boti hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo nyumba yake. Alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili na alikuwa hanywi.

Fyuzi akatokea getini, chaki sikioni, swichi mkononi. Yeye ndiye fundi umeme wetu, na jina alilipata kwa jinsi anavyoungua upesi.

Fyuzi: Jamani, nyaya zimepita, betri imejaa, taa imekaa. Imebaki swichi moja tu, ya kitandani. Niiweke wapi?

Breki: Swichi nayo ina maswali? Weka mlangoni kama watu wote.

Nahodha: Mlangoni ndiko ilikonifukuzia mke.

Habari hiyo tunaijua sote. Katika chumba cha zamani cha boti taa ilizimiwa mlangoni. Shemeji yetu ndiye aliyekuwa akichelewa kulala, basi huzima, halafu hupapasa gizani hadi kitandani. Siku moja kidole gumba cha mguu kikakutana na kasha la injini, kucha ikang'oka. Hakupiga kelele wala hakugomba. Asubuhi alifunga begi akaenda kwa dada yake, na neno aliloacha ni moja: "Siku taa itakapozimwa nikiwa nimelala, niite." Ndipo Nahodha akaitoa boti majini, akang'oa chumba chote na kuanza upya. Na siku hiyo ya swichi alikuwa amemwita aje aone.

Kamusi: Kwanza nauliza, hizi swichi za boti za nini? Za nyumbani zipo tele dukani, tena zinang'aa.

Fyuzi: Usinitie wazimu! Boti iliyopita niliweka za nyumbani, zikaungua zote, nikachekwa ufukwe mzima. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi, kwa hiyo ukiukata unakatika. Wa betri unakwenda upande mmoja tu, haupumziki. Ukiukata unang'ang'ania, unaruka cheche, cheche zinakula shaba ndani ya swichi. Unahitaji swichi ya kazi hiyo.

Kamusi: Yaani ni umeme mdogo lakini mkaidi.

Fyuzi: Volti kumi na mbili tu, ndiyo. Na waya wake uwe mnene, la sivyo unafika kwenye taa umechoka.

Breki: Umechoka? Basi ni mvivu! Mvivu hapandi ngazi, bwana. Weka swichi darini, juu kabisa ya taa, umeme ushuke wenyewe.

Kamusi: Hapana, unasahau kwamba boti inalala ubavu. Ikiinamia kushoto, umeme wote unakusanyika kushoto. Hilo huitwa mlimbiko. Dawa yake ni swichi mbili, kila ubavu yake.

Breki: Na kila wimbi taa itakuwa inafifia, inawaka, inafifia. Shemeji atadhani anakonyezwa!

Fyuzi: Umeme si supu, Kamusi! Haumwagiki!

Nilijikuta nimechoma sindano kidoleni kwa kucheka. Nahodha peke yake hakucheka.

Nahodha: Nyie chekeni. Akikuta kasoro anarudi kwa dada yake, na safari hii atachukua na sufuria.

Hapo hata Breki alikuna kichwa. Mke akiondoka na begi, bado kuna mazungumzo. Akiondoka na sufuria, amehama.

Breki: Nina wazo. Tufunge kamba, ipite darini, ishuke hadi kwenye kidole chake cha mguu. Akikunja goti, taa inazima.

Nahodha: Kidole hicho naomba usikitaje.

Kamusi: Tupige hesabu. Mkono wa mtu aliyelala hupungua urefu, kwa sababu damu imekwenda tumboni. Kwa hiyo...

Fyuzi: Basi, basi! Mimi nina njia yangu. Namlaza mteja kitandani, anafumba macho, namwambia zima taa. Mkono unapogusa, natia chaki. Sasa mteja mwenyewe hajafika, na akifika nataka akute imewaka.

Kamusi: Si mume yupo? Mlaze huyo.

Tukapanda ngazi wote, mimi na kiatu cha mtu mkononi. Chumba kilinukia vanishi mbichi. Kitanda kilikuwa kipana, cha watu wawili, na godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Nahodha akavua viatu, akapanda, akajilaza, akafumba macho.

Fyuzi: Haya, zima taa.

Mkono wa Nahodha ukanyooka, ukaangukia godoro tupu. Ndipo tulipoona. Alikuwa amejibana ukutani kabisa, ubavu, mgongo umegusa mbao.

Breki: Mzee, kitanda chote hiki ni chako, mbona umejikunja kama mzigo?

Nahodha akafumbua macho, akaitazama ile nafasi aliyoiacha. Nadhani yeye mwenyewe alishangaa.

Nahodha: Nimezoea.

Miezi yote ile alikuwa amelala peke yake, na bado alikuwa akilala nusu kitanda.

Fyuzi akauliza taratibu: "Mkono wa shemeji huwa wapi?" Nahodha akapapasa pembeni mwa mto usiokuwepo, upande wa nje. "Hapa. Huuweka juu ya kichwa, kama anayejikinga jua." Fyuzi akatia chaki kwenye ubao wa kichwani, juu kidogo ya pale. Drili ikalia, vumbi la mbao likatumwagikia, skrubu mbili zikakazwa.

Tukafunga mlango na vidirisha, giza likaingia. Fyuzi akabonyeza swichi ya mlangoni, aliyokuwa ameshaifunga na kuiunga na hii mpya: taa! Akaegemea kitanda, akabonyeza ya kitandani: giza! Ya mlangoni tena: taa! Tulipiga ukelele mpaka seremala wa boti ya jirani akauliza nani amefunga ndoa. Breki aliruka, akagonga kichwa darini, akaendelea kushangilia huku amekishika. Kamusi alibonyeza, mimi nilibonyeza, kila mtu alitaka zamu yake, mpaka Fyuzi akatishia kututoa nje.

"Mtaimaliza betri kabla sijaiona."

Alikuwa shemeji, amesimama mlangoni. Mikono mitupu. Begi hakuja nalo, na maana yake sote tuliisoma: alikuwa hajaamua kubaki. Tukabanana pembeni kumpisha. Hakuisifu taa wala hakumsalimu mumewe. Alivua viatu, akapanda kitandani, akajilaza upande wa nje, mkono juu ya kichwa. Akafumba macho. Kidole kikapanda bila kutafuta.

Tk. Giza.

Nilisikia nailoni ya godoro ikilia alipojigeuza. Kisha sauti yake ikatoka mle gizani, ya mtu anayezuia kicheko.

"Enhe, shemeji zangu. Nani aliwaambia mimi nalala upande huu?"

Kamusi alikosa neno. Fyuzi, mwenye jibu la kila kitu, alisikika akiangusha bisibisi. Breki alifunga breki. Na Nahodha alikohoa mara moja, basi.

Tk. Taa ikawaka. Alikuwa ameketi, anamtazama mumewe aliyesimama na soksi, vumbi la mbao mgongoni. Alimtazama kwa muda, akacheka hadi akajifuta macho.

"Breki," akasema, "begi langu liko getini, kwa muuza kahawa. Kimbia."

Sijawahi kumwona mtu mzito akishuka ngazi kwa kasi ile.