Otai Amepigiwa Ramli

TEOPISTA: Haloo, haloo. Nani huyu ananipigia na namba ya Kenya?

LOICE: Ni mimi, shangazi. Loice, wa Busia. Namba yako mpya nimepewa na baba.

TEOPISTA: Loice mtoto wa kaka yangu. Mulembe, mama.

LOICE: Mulembe, shangazi. Mko salama huko Tororo?

TEOPISTA: Tuko, tunasukuma. Mimi nishatoa gomesi yangu ya sherehe kwa sanduku. Jumamosi wakileta mahari, shangazi wa bibi harusi hawezi kukaa pale kama—

LOICE: Irudishe kwa sanduku.

TEOPISTA: Netwaki inakwama. Umesema?

LOICE: Nimesema hakuna wageni Jumamosi. Mwanaume amekataa kuja.

TEOPISTA: Wacha... Amepata mwingine?

LOICE: Heri angepata mwingine, ningejua nani wa kuvuta nywele. Ameenda kwa mpiga ramli. Huko huko kwenu. Akaambiwa ajihadhari na mtu wa ng'ambo, atamletea hasara. Sasa ng'ambo ya mpaka ni Kenya, na Kenya yeye anamjua nani kama si mimi?

TEOPISTA: Mtu wa ng'ambo...

LOICE: Shangazi? Bado uko?

TEOPISTA: Niko. Huyu mchumba... baba yako hakunitajia jina. Anaitwa nani?

LOICE: Otai.

TEOPISTA: Mrefu? Simu mbili kwa mfuko wa shati?

LOICE: Umemjulia wapi?

TEOPISTA: Tororo ni kadogo, mwanangu.

LOICE: Shangazi. Huyo mpiga ramli anaitwa Mama Nuru. Ana chumba nyuma ya soko, anarusha kauri kwa ungo. Mama Nuru ni nani?

TEOPISTA: Hii laini inakwaruza mbaya—

LOICE: Haikwaruzi. Nakusikia mpaka ukimeza mate.

TEOPISTA: Sasa mimi ningejuaje huyo ni wa kwako? Hata picha hujanitumia.

LOICE: Na mimi ningejuaje Mama Nuru ni wewe? Sisi huku tunajua unauza vitenge!

TEOPISTA: Vitenge nauza. Jumatatu.

LOICE: Ai, shangazi. Kauri zilikuambia nini hasa kuhusu mimi?

TEOPISTA: Kuhusu wewe, hakuna. Hayo maneno naambia kila mtu. Hapa mpakani nani hana ugomvi na mtu wa ng'ambo? Kama si shemeji, ni mtu wa kubadilisha pesa. Wote wanatikisa kichwa, wanasema Mama Nuru, umegonga ndipo.

LOICE: Na unawalipisha.

TEOPISTA: Kabla sijarusha.

LOICE: Kukhu hakulipisha. Mama yako mzazi, shangazi. Mtu alikuja akasikizwa akaenda, neno likitimia ndio alirudi na kuku. Hakutaja bei hata siku moja.

TEOPISTA: Na ukimtabiria mtu ugonjwa, ukaja kweli, nani anakuletea kuku? Mimi ndio nilikuwa nalala njaa kwa hiyo nyumba, si wewe.

LOICE: Lakini hakudanganya.

TEOPISTA: Cherehani niliyokununulia ulidhani imetoka kwa vitenge?

LOICE: Usinitupie cherehani.

TEOPISTA: Sikutupii. Nakwambia tu. Watu wanakuja na roho nzito, wanatoka wamesimama wima. Wengine wanataka tu mtu wa kuwasikiza. Hiyo si kazi?

LOICE: Ni kazi. Ila mimi nimelia siku nzima, mama anaficha sufuria alizoazima, na baba hataki kutoka nje majirani wamwulize. Hiyo kazi yako imenivunjia nyumba kabla sijaijenga.

TEOPISTA: Pole, mama. Hapo umenishika. Pole sana.

LOICE: Basi nisaidie. Mrushie tena. Mwambie nyota zimegeuka, mke wake yuko Busia, amuoe haraka.

TEOPISTA: Sasa hivi ulikuwa unanifundisha ukweli.

LOICE: Nikufundishe nini, shangazi, nampenda.

TEOPISTA: Nikimgeuza leo na ungo, kesho mpiga ramli mwingine si atamgeuza na yai? Hapana. Wewe ni damu yangu. Kwako sitarusha. Nitamwambia kweli, bila senti, hata kama atanitangaza soko zima. Leo ni siku yake ya kuja, huyu hakosi. Ngoja... [hodi] Ndiye huyu. Usikate, Loice. Nyamaza.

LOICE: Shangazi, ngoja kwanza—

TEOPISTA: Karibu, Otai, keti. Hapana, rudisha pesa yako kwa mfuko. Leo nazungumza bure. Ile ya mtu wa ng'ambo sikuiona popote. Naambia kila mtu. Msichana wa watu hana kosa, nenda umuoe... Eh?... [kelele] Unasema nini?... Loice, bado uko?

LOICE: Niko. Anasemaje? Sisikii vizuri.

TEOPISTA: Anacheka.

LOICE: Anacheka nini?

TEOPISTA: Anasema neno la bure ni la uongo. Anasema ukoo wako umeninunua. Ile ya kwanza alilipia, hiyo ndio anaamini. Ameweka pesa tena kwa ungo, anataka nirushe.

LOICE: [anavuta kamasi]

TEOPISTA: Loice? Usilie, mama.

LOICE: Silii. Hajaniuliza mimi hata swali moja, shangazi. Mwaka mzima ananijua, na anauliza ungo.

TEOPISTA: Nimfukuze?

LOICE: Kredo yangu inaisha, sikiza haraka. Mlipishe.

TEOPISTA: Nimlipishe?

LOICE: Mlipishe vizuri, maradufu. Kisha rusha, angalia kauri, tikisa kichwa pole pole, umwambie kuna mke alikuwa wake Busia na hatampata tena.

TEOPISTA: Mwanangu, nimeapa sitadanganya juu yako.

LOICE: Haudanganyi. Hiyo imeshatimia, shangazi. Na mwambie asisumbuke kunipi—

TEOPISTA: Loice? Haloo?