Shangazi wa Onyesho Bichi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Shangazi anastaafu. Ametumikia ukumbi wetu wa mtaa kwa miaka ishirini na saba. Alianzia dirisha la tiketi, anamalizia akiwa mratibu wa shughuli za wakazi, na katikati hapo amefanya kila kazi ya jengo hili isipokuwa useremala, kwa sababu kwenye useremala nilikuwepo mimi.

Vijana wa ofisini ndio walioandika kwanza habari zake kwa ajili ya kijarida hiki cha kumuaga. Ukurasa mzima. Nikausoma, nikaurudisha. Nikawaambia huyu mliyemwandika hapa hata mimi simjui, anafanana na mtu wa kwenye tangazo la sabuni. Wakasema, basi andika wewe, mzee. Nimeandika. Shule niliiacha mapema na mwandiko wangu umepinda kama mbao iliyonyeshewa, lakini humu ndani hakuna anayemjua Shangazi kunishinda, na anayebisha anajua karakana yangu ilipo.

Jina la Shangazi alipewa na mtaa. Hata mimi niliyemzidi umri namwita hivyo, na yeye ananiita fundi. Ni mwanamke mfupi, mtulivu, sauti yake haifiki safu ya tatu ya viti. Mtu wa namna hiyo ukimwona mara ya kwanza utamdharau. Mimi nilimdharau.

Wakati huo karakana yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa ukumbi. Kila jioni ngoma, kila jioni makofi, mimi na mteja wangu hatusikilizani. Siku moja nikaona sasa basi, nikaingia ukumbini na nyundo mkononi. Sikuwa na nia mbaya, nilisahau tu kuiweka chini. Shangazi akanitazama mimi, akaitazama nyundo, akasema, "Karibu, fundi. Kelele inayokukera ni ipi hasa, ya ngoma au ya watu?" Nikasema zote. Akasema, "Basi keti uwaambie wenyewe, nikiwaambia mimi watadhani nimetunga." Nikaketi. Nikawaambia. Wakanijibu. Nikawajibu. Kufika mwisho wa wiki nilikuwa nawatengenezea mlango wa jukwaani, maana ule waliokuwa nao ulikuwa aibu, ukiufunga unafunguka wenyewe. Mlango wangu upo hadi leo. Nendeni mkausukume.

Sasa, mgeni anayesoma hapa huenda hajui onyesho bichi ni kitu gani, na hilo ndilo jambo lake kubwa Shangazi. Zamani michezo ya kuigiza ililetwa hapa ikiwa tayari, na kazi ya wakazi ilikuwa kupiga makofi na kwenda kulala. Yeye yupo dirishani anakata tiketi, anasikia watu wanayosema wakitoka. Huyu anasema yule mke hakupaswa kurudi. Yule anasema baba gani huyo anaongea na bintiye namna ile. Akamwendea mkuu wa siku hizo akamwambia, maneno matamu yote yanaishia dirishani kwangu, kwa nini yasifike jukwaani? Ndipo tukaanza. Mchezo ukiwa bado haujaiva unaonyeshwa Jumamosi, bure, taa za ukumbini zinawaka ili watu waonane nyuso. Ukiisha, Shangazi anasimama mbele, anauliza swali moja tu: "Nani hajafurahi?" Kisha ananyamaza.

Kule kunyamaza ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Wengine wetu tukiuliza swali tunalijibu wenyewe. Yeye anakunja kitambaa chake cha mkononi, anakikunjua, anakikunja tena, wala hamtazami mtu. Ukumbi mzima unaanza kujikuna. Mwishowe mmoja anashindwa kuvumilia, anaupandisha mkono. Na sheria ilikuwa hiyo hiyo miaka yote: ukiinua mkono, unainuka na mwili. Unapanda jukwaani unatuonyesha ulitaka iweje. Ndivyo muuza nyama wetu alivyogeuka mwigizaji. Alipanda kulalamika kwamba mume wa kwenye mchezo hajui kulia, akaonyesha mwanamume anavyolia, na watu wazima wakaanza kutafuta leso.

Mwaka uliofuata muuza nyama akapewa nafasi ya mume anayefariki katikati ya mchezo. Siku ya onyesho bichi akafa vizuri mno. Shangazi hakupata hata nafasi ya kukunja kitambaa, mikono ilikuwa juu pande zote. Mtaa ulikataa. "Afe kwa kosa gani?" akauliza fundi cherehani, mama mwenye kauli nzito kuliko pasi yake ya mkaa. "Ana watoto huyu, na nyumba hajaiezeka!" Wakakubaliana asife. Lakini akina mama wa kuomboleza walikuwa wameshajifunza wimbo wao mwezi mzima, na wao wakasema wimbo hawauachi ng'o. Mwalimu aliyetunga mchezo akashika kichwa. Shangazi akasema, "Wote wana haki. Fanyeni yote mawili." Ikawa basi akina mama wanaomboleza pale jukwaani, na marehemu mwenyewe ameketi pembeni anakunywa chai, anawauliza mbona hawajataja alivyokuwa mchapakazi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tukaurudia mchezo ule msimu baada ya msimu. Kiti cha marehemu nilikitengeneza mimi, na wapo wanaosema kiti kile ndicho kilichoubeba mchezo. Siwabishii.

Nifike sasa kwenye linaloniuma. Shangazi aliposema anastaafu na anahamia mji mwingine kwa bintiye, akasaidie kulea wajukuu, mkuu mpya wa ukumbi alituita. Si mtu mbaya, ana adabu zake. Akasema onyesho bichi ni la Shangazi, na Shangazi anaondoka. Atakuja Jumamosi ya mwisho kutazama. Akiona wakazi hawawezi kuliendesha wenyewe, lifungwe kwa heshima, na Jumamosi vipewe vikundi vya nje vyenye michezo iliyokamilika. Yaani turudi kwenye kupiga makofi na kwenda kulala.

Nilisema wazi kwamba nitaliendesha mimi. Nilishawahi, ule mwezi Shangazi alipokwenda kumuuguza dada yake. Niliuliza lile swali kwa sauti kubwa kuliko yake, nikaeleza na majibu yanayofaa ili watu wasihangaike. Tulimaliza mapema kabisa, hakuna mkono ulioinuka. Nilipomsimulia, Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Fundi, kumbe uliwapigilia misumari midomoni!" Basi na safari hii akakataa nisiulize mimi, akakataa kuuliza yeye, akakataa kumpanga mtu yeyote. Nikamwambia utaliua. Akasema, "Kama ni langu, acha life. Kama ni lao, watajua la kufanya." Wiki nzima sikusema naye vizuri.

Jumamosi hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Mchezo ukaisha, taa zinawaka, mkuu amesimama karibu na mlango amefunga mikono kifuani. Shangazi ameketi safu ya nyuma, kando yangu. Mbele hakuna mtu. Watu wanaangalia pale anaposimama siku zote, wanaangalia viatu vyao, wanaangalia dari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka, akanishika mkono wa shati bila kunitazama, akanirudisha kitini. Kimya kikaendelea hadi nikawa nasikia taa zinavyovuma.

Ndipo fundi cherehani akasema, bila kuulizwa na mtu, "Jamani, mimi sijafurahi."

"Na wewe lini uliwahi kufurahi?" akajibu muuza nyama. Watu wakacheka. Sauti nyingine ikasema, "Panda basi, mama, si unajua sheria?" Akapanda. Muuza nyama akaanza kumbishia hata kabla hajafika jukwaani, binti mmoja nisiyemfahamu akawabishia wote wawili, viti vikasogezwa mbele ili watu wasikie vizuri. Mkuu akakunjua mikono, akasogea, akasogea tena, mwishowe na yeye akainua mkono. Akaambiwa asubiri zamu yake.

Nikageuka nimwambie Shangazi kwamba tumeshinda. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Fundi," akasema, "hakuna hata aliyegeuka kunitazama."

Nikamwambia si ndivyo ulivyotaka.

"Ndivyo. Lakini nilidhani atageuka japo mmoja."

Mimi nilikuwa nimegeuka. Nilikuwa namtazama muda wote. Maneno yote haya niliyo nayo, siku hiyo sikupata hata moja, tukakaa hivyo hivyo tukiwasikiliza wenzetu wakigombana juu ya mchezo wao.

Shangazi, ukumbi unakushukuru, mtaa unakushukuru, na mimi nakushukuru, nami unajua si mtu wa kushukuru ovyo. Mimi bado nipo. Kazi yangu ni ya kipande kwa kipande na hakuna wa kunipa barua ya kustaafu. Kila Jumamosi nitakaa safu ya nyuma, na kiti cha kando nitakiwekea koti langu, atakayetaka kukikalia nitamwambia kina mwenyewe. Onyesho litaendelea, mkuu ameshasema, na litakuwa zuri, na mimi nitakuwa nasikiliza nikitamani kukusikia ukinyamaza.

Nenda salama. Upate afya, wajukuu wakuchangamshe, na huko uendako Mungu akujalie majirani wabishi.