Njiwa Waliorudi Ruaruke

Mashehe wetu, wazee wa Ruaruke, ndugu mliotoka Mkongo, Kibiti na Nyamisati, na kina mama mlioko uani, assalamu alaykum. Familia imemkabidhi karatasi hii Nassibu Nurdini, mpwa wa marehemu, awasomee kabla hatujamsindikiza mzee wetu, na mnajua mila zetu, mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake hata siku kama ya leo, basi mkisikia utani humu msiseme kijana hana adabu, na mkisikia jambo zito msiseme kalitia yeye, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe kama lilivyo, lisipunguzwe wala lisitiwe sukari.

Marehemu Mzee Haidari Abdulswamadu Mshamu alizaliwa hapa Ruaruke tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Mzee Abdulswamadu Mshamu na Bi Fatu Mussa, na baada yake, tarehe 2 Juni 1963, akazaliwa dada yake wa tumbo moja, Bi Zuena, na wengine waliozaliwa kati yao hawakukua. Wazee wanaowakumbuka utotoni wanasema ukimwona Haidari ulikuwa huna haja ya kuuliza Zuena yuko wapi, yuko nyuma yake, kashika pindo la shati. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1973, na kwa haki ya Mungu hakung'ara, ila alikuwa na jicho la kupima, akitazama ubao anakwambia umepinda wapi kabla mwalimu hajatafuta rula.

Kwa jicho hilo, mwezi Februari 1974 alipelekwa Nyamisati kwa mjomba wake, Mzee Bwanaheri, fundi seremala, akajifunze kazi, na huko alikuta ufundi wa pili ambao hakutumwa kuufuata. Mzee Bwanaheri alikuwa akifuga njiwa manga katika mitungi iliyovunjika midomo, kaining'iniza chini ya paa kuizunguka nyumba nzima, na marehemu alipokuwa hapigi randa alikuwa juu ya ngazi, akijifunza kumtambua dume kwa kunguruma kwake na kujizungusha, kuukagua mtama usiwe na ukungu, kubadilisha maji kila asubuhi, na kutolishika yai kwa mkono wenye vanishi. Mjomba wake alimpa sheria moja kubwa, kwamba njiwa mzima hapewi mtu, hupewa kinda, kwa sababu njiwa mzima ana kwao, ukimpeleka mbali atarudi, ila kinda asiyejua kuruka huchukua nyumba atakayorukia kuwa ndiyo kwao, na kama huna budi kumtoa mzima, basi mpunguze manyoya ya bawa, akae ndani mpaka atage na kuangua huko huko. Na sheria hiyo haikuwa ya mchezo, kwa maana nyote mnajua linalosemwa katika nchi yetu, kwamba njiwa hawakai penye ugomvi, wakiihama nyumba watu huanza kumtafuta mwenye kisirani.

Marehemu alirudi Ruaruke tarehe 20 Desemba 1977, na sanduku la vifaa begani, na mkononi kikapu cha ukindu chenye kifuniko, kilichosukwa na mama yake Bi Fatu, na ndani ya kikapu makinda wawili, weupe, wenye doa la kahawia shingoni. Hao ndio shina la njiwa wote mnaowaona leo juu ya paa hili, na kikapu hicho mkiweke akilini, tutakirudia.

Kazi yake ya useremala aliifanya hapa hapa kwa miaka arobaini na mitano, milango mingi ya kijiji hiki ni mikono yake, vitanda mlivyozalia ni mikono yake, hata jeneza la msikiti wetu alilitengeneza yeye mwaka 1998, akalilalia mwenyewe kupima urefu, watu wakamwambia acha uchuro, akajibu kwamba fundi hauzi kitu ambacho hajakijaribu. Leo analitumia bure.

Sasa tufike pale alipotaka tufike.

Siku ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 1981 dada yake Bi Zuena aliolewa Mkongo, binti wa miaka kumi na minane, na marehemu, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha umri huo, akataka zawadi yake iwafumbe midomo wakwe. Alikuwa na makinda wazuri tu, lakini kinda bado ana manyonya, yale malaika ya utotoni, uso wake haujatengenea, akaona aibu kupeleka vitu vya namna hiyo mbele za watu, akachukua dume na jike waliokomaa, wale wale wa shina, bora kuliko wote, na hakupunguza bawa hata unyoya mmoja, asije akaharibu urembo wao. Aliwaambia wakwe wawafungie siku saba, akijua fika kwamba siku saba hazitoshi, ila moyoni alijisemea labda watapapenda. Siku ya nane, Jumamosi tarehe 19, njiwa walifunguliwa mbele ya ukoo mzima wa Mkongo, wakapanda, wakazunguka mara mbili, wakashika njia. Mama mkwe akashika kichwa, ya Rabi, njiwa wamemkimbia bi harusi.

Alasiri ya siku hiyo hiyo walitua hapa. Na marehemu, wenzangu, alifurahi, hilo alisisitiza liandikwe, alifurahi mpaka akapiga vigelegele vya kike, akawamwagia mtama, akawatangazia majirani kwamba njiwa wake wametoka Mkongo bila kuuliza njia. Hakutuma mtu kupeleka habari. Siku ya tatu akaja shemeji wa Zuena kwa baiskeli, Bwana Sadala, akiuliza kwa upole tu, shemeji, wale ndege hawajapita huku, maana mama hali wala halali, na marehemu, kwa kuona haya kwamba kosa ni lake, akasema hapana, hajawaona. Wakati huo njiwa walikuwa chumba cha nyuma, chini ya tenga lililofunikwa mkeka, na dume akaanza kunguruma, na marehemu akakohoa. Dume akanguruma, naye akakohoa, mpaka Bwana Sadala akampa pole ya kifua na kumwambia achemshe mkaratusi. Alikula wali, akalala, akarudi Mkongo na jibu la uongo.

Toka hapo kila kilichoharibika katika nyumba ile kilikuwa na jina la Zuena. Nguruwe pori walipoingia kwenye mpunga, kisirani cha Zuena, kana kwamba nguruwe wa bonde la Rufiji walikuwa wakisubiri harusi ndipo waanze kula, mama mkwe alipougua mguu, kisirani cha Zuena, na tarehe 4 Februari 1983 mumewe, ambaye naye ametangulia mbele ya haki na hatumtaji kwa ubaya, akampa talaka yake. Alirudi na sanduku la bati kichwani, akaingia uani hapa, akainua macho, akawaona juu ya paa, weupe, doa la kahawia shingoni, na watoto wao kando. Alilishusha sanduku, akamtazama kaka yake, kaka akatazama chini, akalipandisha tena kichwani na kwenda zake Nyamisati kwa Mzee Bwanaheri, na tangu siku hiyo hakulitamka tena neno kaka.

Tuseme na hili, kwa sababu wengi hawalijui. Bi Zuena angeweza kuwatumia neno moja tu watu wa Mkongo, njooni mtazame paa la Haidari, na jina lake lingesafika siku hiyo hiyo. Hakulituma, kwa kuwa angejisafisha yeye ingebidi amchafue mtoto wa mama yake, akachagua kuitwa mwenye kisirani kuliko kaka yake kuitwa mwongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ya marehemu ilikuwa ndefu, na mzigo wa njia hiyo kaubeba mwingine.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Maimuna tarehe 15 Machi 1985, wakajaliwa watoto watatu, Mwanawetu, Abdulswamadu na Zuhra, na wajukuu tisa. Bi Maimuna alijua toka mwanzo kwamba kaolewa na mume mwenye wake wengi wa manyoya, alivumilia mavi yao kwenye kanga alizoanika, na Mungu atamlipa. Bi Zuena naye aliolewa tena Nyamisati mwaka 1986 na Mzee Nurdini, aliyekuwa akiuza nguzo za mikoko, wakapata watoto, na wa kwanza wao ndiye huyu anayewasomea.

Kuanzia Idd ya mwaka huo 1986, kila Mfungo ukiisha, marehemu alitia makinda wawili katika kile kikapu cha mama yao na kukipeleka Nyamisati kwa mtu anayeshuka huko, na kila mwaka Bi Zuena aliwachinja, akawapika mchuzi wa nazi, akakiosha kikapu na kukirudisha kitupu. Miaka thelathini na minane. Sisi watoto tulidhani ndiyo mila ya Idd, kumla mjomba, na tuseme kweli, tulinenepa kwa ugomvi ule. Kikapu kiliwekwa mpini mpya mara tatu, na kila kiliporudi marehemu alikifunua, akatazama ndani, akakifunika, akasema kikapu chenyewe si haba.

Kikohozi kilimshika mwaka 2022, na tarehe 9 Oktoba 2023 madaktari wakamwambia kwamba mapafu yameharibiwa na vumbi la manyoya na kinyesi, akae mbali na njiwa. Yeye alikuwa na maelezo yake, akisema kile kikohozi cha uongo alichomkoholea Sadala ndicho kimerudi kwao. Tukagawa njiwa, Kibiti, Ikwiriri, hadi Bungu, siku ya tatu wote wako juu ya paa, Bi Maimuna akasema hata ukiwapa mahujaji watarudi kabla ya mahujaji, na mwisho aliyehama ni mfugaji, akapelekwa Kibiti kwa binti yake Mwanawetu. Kabla hajahama, Idd ya Aprili 2024, mafuriko yakiwa yametanda kila mahali, alipeleka kikapu kama desturi. Safari hiyo hakikurudi. Tulimwambia ni maji, barabara mbovu, lakini maji yalikauka na kikapu hakikuonekana, Idd ya pili ikapita, naye akaamini kwamba dada yake amechoka hata kumrudishia kikapu, na hilo lilimuuma kuliko kifua.

Tarehe 2 Agosti 2025 alimwita mpwa wake akaandika haya yote mnayoyasikia, akisema hataki azikwe nayo, na kwamba mwisho wa karatasi amwombe radhi Mzee Sadala, ambaye tunamshukuru amekuja kutoka Mkongo na yupo pale mbele, na awaombe watu wa Mkongo walifute lile neno juu ya jina la Zuena. Tarehe 5 mpwa huyo alimpelekea ujumbe uliotoka kwa mama yake, maneno mawili tu, kikapu kinakuja. Marehemu alijiinua kitandani akauliza, kitupu? Na mpwa, kwa kuwa hakuambiwa, akajibu, sijui mjomba. Aliuliza tena siku tatu mfululizo, akapata jibu lile lile. Alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ingawa alikuwa mgonjwa mbishi, majirani wa Kibiti waliokesha naye, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, imamu na jamaa wa msikiti, na ninyi nyote mliokatiza shughuli zenu mkaja. Kama alimkosea mwingine ambaye hapa hatukumtaja, tunamwombea msamaha, na njiwa mmoja mmoja atakayetua kwenu katika siku hizi msimfukuze, anatafuta sauti aliyoizoea.

Limebaki neno la Bi Zuena, ambaye yuko uani na amesema lisomwe. Anasema mwaka jana alishika kisu, akaambiwa kaka yako anaumwa na hawa huenda ndio wa mwisho, akakiweka kisu chini, akawafuga. Wakazaa, nao waliozaliwa wakazaa, na tarehe 20 Julai wakaanguliwa wawili weupe, wenye doa shingoni, akanuia kuwaleta mwenyewe, ila akasubiri waote manyoya, kwa sababu kaka yake alikosea kwa haraka na yeye hakutaka kukosea vile vile. Alihesabu awalete Jumapili hii. Amewaleta leo, Ijumaa, bado wana manyonya masikioni, hawajui kuruka, na wataachwa katika tundu lako, Mjomba, hapa ndipo watakapopajua kuwa kwao. Na amesema mwambieni kaka, kalitamka hivyo mbele ya kina mama wote, kaka yangu, nimekusamehe, na mimi unisamehe kwa miaka niliyokula zawadi yako.

Mjomba, uliniuliza swali nikakosa jibu. Pumzika sasa, kikapu cha mama kimefika, na si kitupu.