Kompyuta ya Mama Mkwe Imegoma Kuamka

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililowekwa kati ya kibanda changu cha viatu na duka la kinyozi. Kinyozi tunamwita Redio, maana hana swichi ya kuzimia. Afande alikuwa mlinzi wa benki hadi alipostaafu, na mpaka leo hakai ila mgongo uwe umegusa ukuta. Kahawa ni ya Mama Buli, na asubuhi hiyo alikuwa akiongeza kikombe cha pili bila mtu kuomba, kwa sababu kesho yake binti yake alikuwa anahitimu uuguzi. Mimi ni Fundi, basi. Tulikuwa katikati ya kubishana kama ugali wa jana ni chakula au ni adhabu, ndipo akatokea Mkwe, yule fundi bomba, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka la maua. Alitembea kama mtu anayewahisha mtoto hospitali.

— Nani anaumwa? aliuliza Redio.

— Kompyuta ya mama mkwe wangu.

Akaiweka benchini, akalifungua lile shuka taratibu. Ilikuwa kompyuta ya kukunja, nene, ya kale, herufi za kwenye vitufe zimefutika kwa vidole vya miaka mingi. Mkwe mwenyewe alikuwa na macho mekundu.

— Imefanyaje? nikamuuliza.

— Haiamki. Ukiiwasha inaonyesha kile kiduara kinachozunguka. Kinazunguka, kinazunguka, halafu giza. Halafu inaanza upya. Imefanya hivyo usiku kucha.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Redio. Hicho kiduara kinafika ukingo wa kioo kinaanguka. Ungetafuta kioo kikubwa zaidi.

— Nani aliigusa? aliuliza Afande, kwa sauti ya kazini.

Mkwe akatazama viatu vyake.

— Mimi. Jana jioni nilikwenda kumsalimia. Nikamkuta anafanya kazi, nikaona ule mfumo wa kuendeshea kompyuta yake ni wa zamani sana. Nikamwambia, mama, ngoja nikuwekee mpya, kama niliouweka kwenye yangu. Akasema, mwanangu, kama unajua, sawa. Nikaweka.

— Na ulikuwa unajua?

— Iliniuliza maswali. Yote nilijibu ndiyo.

Hapo hata Redio alijishika kichwa.

Nieleze hapa, kwa asiyemjua mama mkwe huyo. Ni mjane, anadarizi. Chumba chake cha mbele kina mashine ya kudarizi inayojishonea yenyewe, ila lazima ipewe ruwaza, yaani ule mchoro unaoiambia sindano iende wapi, mshono kwa mshono. Ruwaza zote alizichora mwenyewe kwenye hiyo kompyuta: maua ya mashuka, majina ya watoto, nembo za shule. Kazi ya miaka.

— Amekufokea? aliuliza Afande.

— Angenifokea ningelala. Alinipakulia chakula, akaniongezea mboga, akasema utaangalia kesho ukipata nafasi. Sasa mimi nitakula vipi mboga ile?

— Pole, mwanangu, alisema Mama Buli huku akimpa kikombe. Mashuka ya watu yatasubiri. Si arusi.

Mkwe akapokea kikombe, hakunywa.

— Si mashuka, mama. Ni majoho. Majoho ya chuo cha uuguzi. Ameshayashona yote, yamebaki kutiwa nembo kifuani. Nembo imo humu.

Mama Buli alilitua birika kwenye jiko, taratibu. Akakaa kwenye ukingo wa benchi, yeye ambaye hukaa pale mara chache.

— Joho la binti yangu limo?

— Limo.

Sote tulimjua yule binti. Alisomea vitabu vyake juu ya benchi hilihili, akiosha vikombe kati ya kurasa.

— Haichoreki upya? nikauliza.

— Alitumia wiki nzima kuichora. Kuna mkono, kuna taa, kuna nyoka. Hafla ni kesho asubuhi.

Basi kijiwe kikaanza kazi yake ya kusaidia, Mungu atusamehe.

— Hiyo ni joto, alianza Redio. Mashine yangu ya kunyolea ikipata joto inagoma. Itieni kwenye friji. Samaki mkunje angali mbichi.

— Friji italeta maji ndani, nikasema. Tatizo ni vumbi. Tazama hivi vitundu vya ubavuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe kwa gundi ya viatu, ninayo.

— Ukiziba itapumua wapi? aliuliza Redio.

— Hata mtu akizama majini hapumui, na anatoka.

— Nyie hamjui uchunguzi, alisema Afande. Hii kompyuta ni ya mama mkwe. Imezoea mkono wa mwanamke mzima. Jana imeguswa na mkwe, tena bila heshima, anaijibu ndiyo ndiyo tu. Imeona haya. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na yeye kaikodolea macho usiku kucha. Ageuke kwanza, aiombe radhi kwa mgongo.

Na Mkwe, nakwambia, aligeuka. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu anakubali chochote. Aligeuka akautazama ukuta na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

Redio alikuwa bado hajashiba.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hizo ruwaza zimeshuka chini. Tuiinamishe, tuitikise.

Akanyoosha mikono.

— Atakayeitikisa hiyo kompyuta, alisema Mama Buli, leo atakunywa maji ya bomba. Fundi, nenda kamwite Dada wa Simu.

Dada wa Simu ana kibanda ng'ambo ya barabara, anatengeneza simu na kompyuta. Alikuja na mkoba wake mdogo begani, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, akavuta waya kutoka dukani kwa Redio akaiwasha. Tukakiona kile kiduara kikizunguka. Kikaganda. Giza.

— Memori yake ni ndogo mno, alisema. Hii ina nusu giga. Huu mfumo uliouweka unataka mara nane ya hiyo.

— Kwani imejaa? Ana ruwaza nyingi, alisema Redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ruwaza hazikai kwenye memori. Ruwaza zinakaa kwenye diski. Diski ni kabati, kaka. Memori ni meza ya kukatia nguo. Kompyuta ikiamka inatoa vitu kabatini, inavitandaza mezani ndipo ifanye kazi. Mfumo wa zamani ulikuwa kama kitambaa cha kaptula, unatoshea. Huyu bwana kaleta turubai la lori. Inajaribu kulitandaza, linaanguka. Inaliokota, linaanguka.

— Usiku kucha, alisema Mkwe, bado akitazama ukuta.

— Geuka bwana, mbona uko hivyo?

— Swali langu ni moja tu, dada. Ruwaza zipo? Nilijibu ndiyo kila kitu.

Dada wa Simu hakumjibu haraka, na hapo nilimpenda. Wengine wangesema usijali.

— Sijui. Kama kulikuwa na swali la kufuta diski nzima, hazipo. Kama diski iligawanywa na ulifuta chumba kimoja, zinaweza kuwa chumba cha pili. Hatutajua mpaka iamke. Na ili iamke tuiletee mfumo mwepesi, wa kwenye flashi. Hautagusa kitu kabatini. Tutachungulia tu.

Akachomeka flashi. Akaiwasha huku amebonyeza kitufe. Sote tulisogea, hata mteja wa Redio, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Yakaja maandishi meupe juu ya weusi, mistari mingi, inakimbia kwenda juu.

— Inasali, alinong'ona Afande.

Ikasimama. Mstari mmoja ukawa unawakawaka chini. Tukangoja. Nikajikuta nimeshika nyundo yangu kwa mikono miwili bila sababu. Halafu giza.

Mama Buli alivuta upande wa khanga akajifuta uso. Mkwe alichuchumaa chini kabisa, mikono kichwani.

— Bado, alisema Dada wa Simu. Ilikwama ilipotaka kuchora picha. Picha zinakula meza. Mandhari, vivuli, madirisha yanayoelea. Nitaiambia iamke bila urembo. Herufi tu. Na nitaiongezea kipande cha meza kwenye flashi yenyewe. Ikijaza meza, mengine iyaweke pale pembeni.

— Itakuwa na nguvu? aliuliza Mkwe.

— Itakuwa polepole.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikaa mahali pake. Hata yeye alishangaa.

Dada wa Simu akaandika maneno mawili matatu, akabonyeza. Mistari ikaanza tena. Safari hii ilikwenda kama mzee anayepanda ngazi na mfuko wa mahindi: mstari, pumziko, mstari. Mahali ilipokwama mara ya kwanza ikasimama. Kisha ikapita. Mistari mingine. Kisha kioo kikatulia, cheusi, na alama ndogo ikipepesa kwenye kona.

— Mbona kumebaki giza? aliuliza Mama Buli.

— Si giza, mama. Imeamka. Inaniuliza nataka nini.

Mkwe alisimama. Dada wa Simu akaandika kitu. Yakatokea majina machache ya ajabuajabu.

— Chumba cha kwanza, ni ule mfumo wako tu.

Akaandika tena. Kompyuta ikawaza. Ikawaza sana. Kisha majina yakaanza kumwagika, moja chini ya jingine: waridi, waridi dogo, shuka la arusi, jina la mtoto wa jirani, shule, kwaya, kipepeo.

— Hizo, alisema Mkwe. Hizo ni zake. Kipepeo ni cha mke wangu, mama alimshonea alipokuwa mdogo.

— Tafuta uuguzi, alisema Afande.

— Hii hapa. Nembo uuguzi. Na hapa kuna nembo uuguzi, nyoka amerekebishwa.

— Chukua ya nyoka aliyerekebishwa, alisema Mama Buli, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika Mkwe mkono, akaushika tu, hakuutikisa wala hakuuachia.

Dada wa Simu akazinakili ruwaza zote kwenye flashi nyingine, maana mashine ya kudarizi inasoma flashi. Tukakaa. Ndipo nilipogundua miguu yangu inauma. Tulikuwa tumesimama tangu flashi ichomekwe, na benchi limebaki na kompyuta tu. Mkwe akainywa ile kahawa yake ikiwa imepoa, kwa mkupuo, na uso wake ukarudi kuwa wa mtu wa kawaida. Redio akakumbuka kichwa cha mteja. Afande akasema alijua tangu mwanzo, ni ile radhi ya mgongo iliyofanya kazi, na kwa furaha tuliyokuwa nayo hakuna aliyembishia.

— Jioni niletee, alisema Dada wa Simu. Nitauondoa huu mzigo wako, nimwekee mama mfumo mwepesi unaotoshea meza yake.

— Shikamooni na hapa, ilisema sauti nyuma yetu kwa utani.

Alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sindano mbili zimechomekwa begani kwenye gauni. Mkwe aliruka kutoka benchini kana kwamba limeshika moto.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Nimeambiwa uko huku. Imeamka?

— Imeamka, mama. Ruwaza zote zipo. Flashi hii hapa, na nembo imo.

Mama mkwe alifumba macho kidogo. Akaipokea flashi kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akalikaza fundo mara mbili.

— Alhamdulillahi. Majoho yatatoka leo.

Mama Buli alimmiminia kahawa mpaka kwenye mdomo wa kikombe. Akanywa akiwa amesimama, anaitazama kompyuta yake pale kwenye shuka la maua. Halafu akatuzungushia macho sote, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kujifunza.

— Niulize, wanangu. Ule mfumo wa zamani ulikuwa na kosa gani?

Mkwe akamtazama Dada wa Simu. Dada wa Simu akamtazama Redio. Redio akafungua mdomo, nikausubiri uongo wake kwa hamu, na mdomo ukafungika wenyewe. Afande akauchunguza ukuta. Mimi nikachukua kiatu kilichokuwa karibu nikaanza kukishona, na hakikuwa kimechanika.